Intel AX210 kwa laptopu za mtumba: inafaa, mradi ujue inaingia wapi

Kwenye maduka ya kompyuta ya Oginga Odinga Street, Kisumu, laptopu zilizojaa rafuni ni za mtumba, zile ambazo wauzaji huziita ex-UK: EliteBook 840, Latitude za mfululizo wa 7000, ThinkPad T470 na T480. Kabla ya kuuzwa huongezewa RAM, diski ya zamani hutolewa ikawekwa SSD, kibodi ikasafishwa. Kadi ya Wi-Fi haiguswi. Mnunuzi hufika nayo nyumbani Migosi au Mamboleo, akaiunganisha kwenye ruta ya faiba, akashangaa kwamba simu yake ya bei nafuu inapata kasi kuliko laptopu iliyo kando yake. Swali la kubadilisha kadi huanzia hapo, na jibu la mafundi wengi ni moja: weka AX210.

Ni jibu zuri. Intel AX210 ni kadi ya Wi-Fi 6E, yaani Wi-Fi 6 iliyoongezewa bendi ya 6 GHz, iliyotoka mwishoni mwa 2020. Hutumia antena mbili, ina Bluetooth ndani yake, na kikomo chake kwenye karatasi ni 2,402 Mbps ikipata chaneli pana ya 160 MHz. Draiva zake, yaani programu zinazoiwezesha Windows kuitumia, zimeshatulia. Lakini zipo laptopu ambazo zitaikataa, zipo ambazo hazitanufaika nayo hata kidogo, na zipo kadi zenye majina yanayofanana na lake ambazo ukiuziwa, kompyuta haitaziona kabisa. Yote hayo yanaweza kujulikana kabla pesa haijatoka mfukoni.

Pima kwanza

Kadi mpya haiongezi kifurushi. Ukilipia 15 Mbps, hizo ndizo zitakazokuja, kadi iwe ya 2010 au ya mwaka huu. Kinachobadilika ni kama zitafika zote, na kama zitaendelea kufika ukihamia chumba cha pili.

Keti mita moja au mbili kutoka kwenye ruta. Chomeka kebo ya mtandao moja kwa moja na upime kasi, kisha uichomoe upime kwa Wi-Fi pale pale ulipo. Kebo ikitoa 38 na Wi-Fi ikatoa 35, kadi haina kosa lolote. Shida ya chumbani ni kuta za mawe zilizo katikati, au ruta iliyosukumwa nyuma ya televisheni, na dawa yake ni kuihamisha ruta. Kebo ikitoa 38 na Wi-Fi ikatoa 9, sasa kuna sababu ya kuendelea kusoma.

Fungua dirisha la amri kwenye Windows uandike netsh wlan show drivers. Tafuta mstari wa Radio types supported. Ukiona 802.11b, 802.11g na 802.11n peke yake, bila 802.11a wala 802.11ac, kadi hiyo haijui bendi ya 5 GHz. Inaishi kwenye 2.4 GHz, ambako kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Katika nyumba za ghorofa, ambako kila mlango una ruta yake, chaneli hizo tatu hugawanwa na jengo zima, na jioni kila mtu akiwa nyumbani kasi huanguka hata kama alama ya mawimbi imejaa. Bluetooth nayo hutumia masafa hayo hayo, ndiyo maana muziki kwenye spika za masikioni hukatikakatika faili kubwa inapopakuliwa. Mwenye kadi ya namna hii asisite. Hakuna kifaa kingine cha kiasi hicho cha pesa kitakachoibadilisha laptopu yake namna hiyo.

Kisha andika netsh wlan show interfaces uangalie Receive rate ukiwa karibu na ruta. Hii ni kasi ya makubaliano kati ya kadi na ruta. Kasi halisi ya kupakua huwa kama nusu yake au zaidi kidogo. Kadi ya antena moja ya Wi-Fi 5, kama Intel 3165, itaishia 433. Kwa kifurushi cha 15 hadi 80 Mbps hiyo inatosha, na kuibadilisha kuna maana tu kwa anayehamisha faili kubwa ndani ya nyumba au anayepoteza mtandao akivuka ukuta mmoja, kwa sababu antena ya pili husaidia sana kupokea mawimbi yaliyofifia.

Mwenye Intel 8260 au 8265, yaani karibu kila mwenye T470, T480 au EliteBook 840 G3, abaki nayo. Kadi hizo zina antena mbili na hufika 866 Mbps. Na hili wauzaji hawalisemi: AX210 ikiunganishwa na ruta ya Wi-Fi 5 yenye chaneli ya 80 MHz, nayo itafika 866 ile ile. Kikomo kimewekwa na ruta. Ni mpaka uwe na ruta ya Wi-Fi 6 ndipo AX210 inapopanda hadi 1,201 kwenye 80 MHz, na ile 2,402 inahitaji ruta yenye 160 MHz. Kwa hiyo geuza ruta yako usome kibandiko cha chini kabla ya kwenda dukani.

Kuna ugonjwa mmoja unaofanana sana na kadi iliyokufa. Ruta mpya ya Wi-Fi 6 imefungwa, simu zote zinaiona, laptopu haioni hata jina lake. Kadi za zamani za Intel, kuanzia 7260 na 3160 hadi 8265, zikiwa na draiva za zamani hazitambui tangazo la ruta ya Wi-Fi 6. Draiva mpya kutoka tovuti ya Intel huliondoa tatizo hilo bila kutumia shilingi. Watu wamebadilishiwa kadi, na wengine laptopu nzima, kwa jambo la kupakua faili moja.

Jina kwenye kibandiko

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. AX200, AX201, AX210 na AX211 zote huonekana sawa: umbo la M.2 2230 (kadi ndogo ya milimita 22 kwa 30), bati la fedha juu, vichwa viwili vidogo vya antena, meno ya dhahabu upande mmoja. Tofauti iko ndani.

AX200 na AX210 ni kadi kamili. Zina ubongo wote wa Wi-Fi ndani yake, zinazungumza na kompyuta kwa PCIe (njia ya data ya ndani ya mashine), na Bluetooth yake hupita kwenye njia ya USB iliyo ndani ya soketi hiyo hiyo. Kwa hiyo zinafanya kazi kwenye prosesa za Intel za vizazi vingi na kwenye AMD pia. AX201 na AX211 ni nusu kadi. Sehemu kubwa ya kazi imehamishiwa ndani ya prosesa au chipu kuu ya Intel, mpango unaoitwa CNVi, na kilichobaki kwenye kadi ni sehemu ya redio. AX201 inahitaji Intel ya kizazi cha 10 au baadaye, na AX211 inahitaji kipya zaidi ya hapo. Ukiichomeka AX211 kwenye T480 yenye kizazi cha 8, au kwenye laptopu yoyote ya Ryzen, prosesa ya AMD, itaingia vizuri, skrubu itakaza, na Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, haitaonyesha kitu. Hakuna draiva itakayoifufua. Muuzaji akikuambia "ni ile ile, hii hata ni mpya zaidi," irudishe.

Kinyume chake kwa kawaida kinawezekana: laptopu iliyokuja na Intel 9560 au AX201 mara nyingi hukubali AX210, kwa kuwa soketi nyingi zimeunganishwa njia zote. Si zote, lakini. Chache zimewekewa CNVi peke yake. Kwa hiyo kabla ya kununua, elewana na muuzaji kwamba isipotambuliwa utairudisha.

Vipi kuhusu BE200, ile ya Wi-Fi 7 iliyotoka 2023? Iache. Kwenye AMD huleta matatizo, hata laptopu kukataa kuiona, na faida zake zinataka ruta ya Wi-Fi 7 pamoja na Windows 11 toleo la 24H2. Kwa nyumba yenye ruta ya kawaida ya faiba ni kulipia mlango usio na chumba.

Kati ya AX200 na AX210, tofauti kubwa ni bendi ya 6 GHz. Ruta iliyoletwa na kampuni ya intaneti kwa kawaida haina bendi hiyo, na antena zilizomo kwenye laptopu ya 2016 hazikutengenezwa kwa ajili yake. Windows nayo huifungua 6 GHz kuanzia Windows 11 tu. Kwenye 5 GHz kadi hizi mbili ni ndugu. Kama AX200 inapatikana kwa bei ya chini kidogo, chukua hiyo bila majuto. Bei zikilingana, chukua AX210. Kwenye laptopu za AMD, MediaTek MT7921 na MT7922, ambazo AMD huziuza kwa majina ya RZ608 na RZ616, ni mbadala wa kweli.

Muombe muuzaji aiweke kwenye mashine yake ya majaribio ukiwa hapo, kwa sababu kibandiko ni karatasi tu na hubandikwa upya. Kwenye Device Manager fungua sifa za kadi, nenda Details, chagua Hardware Ids. AX210 ya kweli husoma VEN_8086 na DEV_2725. AX200 husoma DEV_2723. Ukiona DEV_24FD, umeshikishwa 8265 yenye kibandiko kipya. Na ikiwa inaagizwa Nairobi ije kwa basi, sisitiza ifungwe kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli ndani ya kitu kigumu. Bahasha ya karatasi hukunja vichwa vya antena.

Laptopu zinazokataa

Lenovo na HP za zamani zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa ndani ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows. Ukiweka nyingine, mashine haiwaki hadi mwisho. ThinkPad husimama na ujumbe unaoanza na namba 1802, ukisema kadi ya mtandao haijaidhinishwa. HP hutoa 104-Unsupported wireless network device detected. Hili huwapata zaidi wenye ThinkPad za kizazi cha T440 na X240 kurudi nyuma, na EliteBook na ProBook za miaka hiyo. Kadi haijaungua na laptopu haijaharibika. Zima, irudishe ile ya zamani, itawaka.

Wapo wanaojitolea kuiandika BIOS upya ili kuiondoa orodha hiyo. Inawezekana kwa baadhi ya matoleo, lakini stima ikipotea katikati ya kuandika, una laptopu isiyowaka, na katika mji ambao stima hupotea bila kubisha hodi, hatari hiyo ni kubwa kuliko faida. Njia salama ni kutafuta kadi bora zaidi iliyomo kwenye orodha ya mtengenezaji mwenyewe. Kwa T440 ni Intel 7260 yenye namba ya FRU (namba ya kipuri) ya Lenovo kwenye kibandiko, na itakupa 5 GHz na 866 Mbps. Kwa T430, ambayo hutumia umbo la zamani la mini PCIe, Centrino 6300 yenye antena tatu bado ni kadi ya kutegemewa. Latitude za Dell hazina orodha hiyo, na hii ni sababu moja nzuri ya kuzipendelea kwa anayependa kujitengenezea.

Kundi la pili haliwezi kabisa. Kwenye MacBook Air na XPS 13 za miaka ya karibuni, kadi imelehemiwa moja kwa moja kwenye madabodi. Zinazobaki ni adapta za USB. Chagua ya USB 3.0, maana ya USB 2.0 haiwezi kupitisha zaidi ya 480 Mbps hata kwenye karatasi.

Kundi la tatu ni gumu kuligundua: laptopu za bei ya chini zilizotoka kiwandani na antena moja. HP 15 na HP 250 nyingi zenye kadi ya Realtek RTL8723BE ziko hivyo. Ukifungua utakuta waya mmoja tu umefika kwenye kadi. AX210 itafanya kazi nao, kwa nusu ya uwezo. Antena ya ndani ya kubandika, yenye kichwa cha MHF4 (aina ya kichwa kidogo cha antena kinachotumiwa na kadi hizi) na waya wa sentimita 30 hadi 40, inaweza kupitishwa kando ya bawaba hadi kwenye fremu ya skrini. Ni kazi ya fundi mwenye subira, kwa sababu waya ukibanwa na bawaba hukatika ndani bila ganda kuonyesha jeraha.

Kufungua na kuweka

Pakua draiva kabla ya kugusa skrubu. Intel hutoa faili mbili tofauti, moja ya Wi-Fi na moja ya Bluetooth. Ziweke zote kwenye flashi. Ukisahau, unganisha simu kwa kebo ya USB na uigawe intaneti kutoka huko. AX210 ina draiva za Windows 10 na 11 za biti 64 peke yake, kwa hiyo mwenye Windows 7 asiinunue. Kwenye Linux inahitaji kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya 5.10 au zaidi, Ubuntu 22.04 huitambua yenyewe, ila 20.04 yenye kerneli yake ya mwanzo ya 5.4 haiioni. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda data, hifadhi ule ufunguo wa kurejesha mahali nje ya laptopu, maana mabadiliko ya vifaa au ya BIOS yanaweza kuifanya Windows iudai.

Zima kabisa, si kulaza. Chomoa chaja. Kwenye ThinkPad yenye betri ya ndani, ingia BIOS kwa F1, nenda Config, halafu Power, uchague Disable Built-in Battery. Mashine itajizima na betri itabaki imekatwa mpaka uchomeke chaja tena. Kwa nyingine, fungua kifuniko cha chini uchomoe kichwa cha betri kwenye madabodi. Bisibisi ya PH0 ndiyo inayofaa skrubu nyingi za hapa. Yenye ncha kubwa hula kichwa cha skrubu, na skrubu iliyoliwa ni nusu siku ya kazi. Nyingi za kifuniko hazitoki kabisa, huinuka kidogo tu na kubaki. Baada ya hapo tembeza kadi ya plastiki ya zamani kwenye ukingo, kuanzia upande wa bawaba. Usitumie kisu.

Ukiwa karibu na ziwa, Dunga kwa mfano, usiifanye kazi hii usiku dirisha likiwa wazi. Wadudu wa ziwani hufuata mwanga kwa maelfu, na mmoja akipondeka ndani ya soketi ya M.2 utatumia muda kuisafisha kuliko kubadilisha kadi.

Piga picha ya nyaya kabla ya kuzigusa. Kwenye Latitude utakuta kibati kidogo kilichoshikwa na skrubu moja juu ya kadi. Kimewekwa kuvibana vichwa vya antena visichomoke, na lazima kirudi mahali pake. HP na Dell kwa kawaida wana waya mweupe kwa antena kuu na mweusi kwa ya pili. ThinkPad nyingi zina wa kijivu na mweusi. Mweupe au wa kijivu huenda namba 1, mweusi namba 2. Ukibadilisha hakuna kitakachoungua, ila rudisha kama ilivyokuwa.

Vichwa hivyo vya MHF4 vinastahili heshima. Kila kimoja kina upana wa milimita 2 hivi, na vimeundwa kuunganishwa mara chache tu, kama 30 maisha yao yote. Kutoa: ingiza ncha ya kibano chini ya kichwa, karibu na shingo ya waya, uinue wima. Ukivuta waya wenyewe, ganda la kichwa hubaki kwenye kadi na waya mkononi mwako. Kuweka ndiko kunakowashinda wengi. Laza kichwa juu ya kile cha kadi, kisogeze kidogo kidogo kwa ukucha hadi uhisi kimeketi katikati na hakitelezi tena, na ndipo ubonyeze wima kwa ubapa wa kitu kisicho cha chuma. Utasikia mlio mdogo wa tak. Usiposikia, kiko kando. Ukikandamiza kikiwa kando, pini ya katikati hupinda au ukingo hupanuka, na tangu hapo hakitashika tena hata ukiwa makini. Fundi anayebonyeza kwa ncha ya bisibisi huku anaongea na simu, mnyang'anye laptopu yako kwa upole.

Laptopu za zamani za mini PCIe zina vichwa vikubwa zaidi, U.FL, na havikai kwenye MHF4. Zipo kadi za AX210 zilizotengenezwa kwa umbo la mini PCIe, lakini angalia aina ya vichwa vyake kabla ya kulipa.

Kadi yenyewe huingia kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi, mapengo yakikutana na vigingi vya soketi. Meno ya dhahabu yakizama na kubaki mstari mwembamba ulio sawa kuanzia upande hadi upande, imeingia. Ilaze, kaza skrubu yake, ambayo kwa kawaida ni ya M2 yenye urefu wa milimita 3. Usiazime ndefu zaidi, kwa sababu inaweza kugusa kilicho upande wa pili wa bodi. Kama meno ya soketi yana ukungu wa kutu, jambo la kawaida kwa laptopu iliyowahi kumwagikiwa na chai, futa kwa pombe ya isopropili na brashi laini, uache ikauke.

Baada ya kuwasha

Weka draiva ya Wi-Fi, kisha ya Bluetooth, kisha uwashe upya. Bluetooth isipoonekana, au Device Manager ikionyesha kifaa cha USB kisichojulikana chenye kosa la Code 43, usikimbilie kurudisha kadi. Zima, chomoa chaja na betri, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, rudisha betri, washa. Mara nyingi Bluetooth hurudi. Fast Startup ya Windows nayo huchangia, kwa kuwa inaizuia mashine isizimike kikamilifu, iondoe. Kama Wi-Fi haionekani kabisa, ingia BIOS uhakikishe kifaa cha wireless hakijafungwa huko.

Kisha rudi kwenye netsh wlan show interfaces ukiwa mita moja kutoka kwa ruta, uisome kama fundi asomavyo mita. Kwenye ruta ya Wi-Fi 5 unatarajia 866. Ukiona 433, waya mmoja haujashika. Kwenye Wi-Fi 6 unatarajia 1,201, na 600 ina maana ile ile. Alama ya Signal hapo karibu inapaswa kuwa juu ya asilimia 90. Ikiwa 50, nyaya zote mbili hazijaketi au moja imepasuka shingoni. Fungua tena siku hiyo hiyo. Usijiambie itazoea.

Kwenye mipangilio ya Advanced ya kadi, ndani ya Device Manager, Preferred Band ipeleke kwenye 5 GHz, na upana wa chaneli uache Auto. Hayo mawili yanatosha. Roaming Aggressiveness usiipandishe kama nyumba ina ruta moja. Kadi itakuwa inatafuta nyingine isiyokuwepo, na wewe utaona mikutano ikikatika kwa sekunde moja moja.

Chaneli za 5 GHz zikipotea, angalia nchi iliyowekwa kwenye ruta. Kadi za Intel hujipangia kanuni za redio kwa kusikiliza ruta zilizo karibu, na ruta iliyonunuliwa nje ikabaki na nchi ya huko inaweza kuzichanganya. Tabia hiyo hiyo ndiyo kasoro kubwa ya AX210 kwa watumiaji wa Linux: haikubali kuifanya laptopu iwe hotspoti kwenye 5 GHz, wala amri ya kubadilisha nchi haisaidii. Anayetegemea laptopu kuwagawia wenzake mtandao, mathalani wanafunzi wa bweni kule Maseno, atafute kadi ya MediaTek.

Jambo la mwisho husahaulika mpaka Jumatatu asubuhi. Kadi mpya ina anwani mpya ya MAC, ile namba ambayo mtandao huitambua kadi kwayo. Ofisi, hosteli au shule inayoruhusu vifaa kwa orodha haitakutambua, na nywila sahihi haitakusaidia. Soma anwani hiyo kwa getmac /v, umpe msimamizi wa mtandao mapema.

Kadi ya zamani ni mali yako, hata kama kazi imefanywa na fundi. Iombe kabla kifuniko hakijafungwa, iweke kwenye mfuko ule wa kadi mpya, uandike juu yake jina la laptopu iliyotoka. Siku mtandao utakaposumbua, kuirudisha kwa dakika 15 ndiyo njia ya haraka ya kujua kama kosa ni la AX210 au la soketi.